Kasha Lililoandikwa Usifute

Wanamuziki wote wa studio ile walimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Alikuwa fundi mitambo kwa miaka ishirini na minne, katika chumba chenye trei za mayai ukutani za kumeza mwangwi na kiti kimoja tu kizima. Kiti hicho kilikuwa chake. Aliyethubutu kukikalia aliinuliwa kwa jicho.

Alikuwa na kasoro moja, kama ni kasoro. Meneja aliamuru kanda izunguke taa nyekundu ikiwaka tu, maana kanda zilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Shangazi aliizungusha kanda wapigaji wakiwa bado wanapasha vidole.

"Mtu akijua anarekodiwa hujikaza," alikuwa akisema. "Mimi namtaka kabla hajajikaza."

Nami nasema alikuwa sahihi, meneja anune akitaka.

Asubuhi moja ilikuja bendi kurekodi jazi yenye mdundo wa fanki, isiyo na maneno wala jina. Gitaa la besi lilikuwa mikononi mwa mdogo wake Shangazi, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Mwaka mzima sasa vidole vyake vya kulia vilikuwa vikitetemeka, na daktari alishasema havitapona. Nje ya kazi aliuficha mkono ule mfukoni. Kwenye bendi hakuna aliyejua. Dada yake alijua.

Wakati wa kupasha, vidole vikatulia. Shangazi akaisikia besi ikitembea, ikisita, ikimchokoza mpiga ngoma, kisha ikikimbia kabla hajaikamata. Dakika sita nzima aliogopa hata kumeza mate.

Taa nyekundu ilipowaka, mtetemeko ukarudi. Walirudia mara tisa. Mara ya tisa kiongozi wa bendi akaweka saksafoni chini, akasema kwa upole, "Basi, ndugu zangu, tupumzike." Mdogo mtu akafungasha gitaa bila kumtazama mtu. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena studio.

Meneja akaingia. "Hapa hamna kitu. Futa zote, kesho kuna kwaya."

"Sawa, bosi," akajibu Shangazi, kwa adabu ambayo ingepaswa kumtia meneja wasiwasi.

Akafuta zile mara tisa. Kanda ya kupasha akaitia kwenye kasha, akaandika juu kwa kalamu nene: USIFUTE. Hilo lilikuwa onyo kwa fundi wa zamu ya pili, bingwa wa kufuta asichokijua. Akalisukuma kasha nyuma ya rafu.

Miezi minane baadaye, yeye akiwa likizo, kiwanda cha santuri kikadai muziki wa kujazia upande wa pili wa santuri moja. Meneja akapekua rafu, akalikuta kasha, akasikiliza akiwa amesimama, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakosa la kukosoa. Kiongozi wa bendi akaridhia. Kule kiwandani wakatafuta jina, wakaona neno moja tu juu ya kasha, wakalichapa.

Shangazi aliporudi alikuta santuri mezani. Akaipeleka nyumbani kwa mdogo wake, akaiweka kwenye gramafoni bila maelezo. Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho, mkono mfukoni.

"Dada, hii tulipiga lini?"

"Mlipokuwa mnapasha."

Akaisoma lebo. "Usifute. Jina gani hilo?"

"Si jina. Nilikuwa namwambia yule wa zamu ya pili."

Akacheka, kicheko ambacho dada yake hakuwa amekisikia kwa muda mrefu.

"Na zile tisa? Ziko wapi?"

"Nilizifuta siku ileile, mdogo wangu. Kwa mkono wangu."

Akashusha pumzi, kana kwamba alikuwa ameishikilia miezi yote minane.

"Iwashe tena," akasema. Akautoa mkono mfukoni, akauweka juu ya meza mbele ya dada yake, ukatetemeka hapo bila kufichwa.