Mwalimu wa Bangwe na Dagaa wa Bibi

Juzi binti yangu alitaka kujifunza karate, nikampeleka Bangwe, ufukweni mwa ziwa, nilikojifunzia mwenyewe. Unajua mtu anavyorudi kwao: nilikwenda kumtafutia mwalimu, lakini moyoni nilitaka kukuta nafasi yangu bado wazi.

Zamani bibi alianika dagaa pale, juu ya mchanga, na harufu yao iliingia hadi kwenye sare zangu za shule. Mtoto wa jirani yetu, mtaani kwetu Katubuka, alipelekwa klabu ya mjini, ukumbi wenye vioo, na baada ya muda mfupi tu akarudi na mkanda wa njano. Aliuvaa hata akienda kuteka maji. Nilimwonea wivu mpaka ugali ukanishinda.

Bibi hakujali mikanda. Aligeuza dagaa wake huku akiwatazama vijana waliofundishwa karate na mvuvi mmoja mwenye asili ya Kongo, wakirusha mateke kandokando ya dagaa wa watu.

"Hawajakanyaga hata mmoja," alisema. "Huyo anafundisha. Mwalimu usimtazame yeye, tazama wanafunzi wake wanaweka wapi miguu."

Basi nikapelekwa. Tulijifunza kuanguka. Tukimaliza, tunajifunza kuanguka upande wa pili. Mkanda wangu ulikuwa kipande cha kamba ya nyavu.

"Na wewe umefika rangi gani?" mtoto wa jirani alinitania. "Ya mchanga?"

Siku moja akaja kutazama. Akavua mkanda wake wa njano, akaomba kuanza upya. Mwalimu akampenda papo hapo. Bibi naye akawa anamwekea samaki, mgebuka wa kuchoma, ule mnono. Wivu wangu haukuisha, ulihama tu. Mimi nikaenda chuo kikuu, ambako nako niliendelea kuanguka.

Sasa mwalimu na bibi wametangulia mbele ya haki, na dagaa wanaanikwa juu kwenye vichanja. Anayefundisha pale ni yule yule mtoto wa jirani, kitambi kimeota lakini miguu myepesi.

"Mwakeye," alinisalimu kwa Kiha. "Bado unaanguka, ndugu yangu?"

Nilimtafutia kasoro kwa bidii ya msomi. Nikatazama miguu ya watoto. Kandokando yao, kwenye mchanga ambako hakuna tena anayeanika kitu, alikuwa ametandaza dagaa kidogo, kwa mistari, kama alivyopanga bibi. Hakuna dagaa aliyekanyagwa.

"Bibi yetu angekubali?" aliuliza.

Yetu, anasema. Mjukuu ni mimi. Katika utoto wangu wote imebaki mistari hiyo ya dagaa tu, na aliyeitunza ni yeye.

Nikamvua binti yangu viatu.