Kisima cha chumvi anachokiteka Mejumaa kila alfajiri

Kabla ya kuyatumia maji, Mejumaa Khamisi huyaonja. Adhana ya alfajiri imekwisha, wanaume wameingia msikitini, naye amesimama kando ya kisima katika ua mmoja nyuma ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, Mombasa. Anachovya kidole ndani ya ndoo, anakiweka ulimini, kisha anatema pembeni.

"Chumvi," anasema. "Leo ni afadhali kuliko jana, lakini chumvi."

Anayamimina kwenye karai vivyo hivyo na kuishusha ndoo tena.

Mejumaa, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, ni dobi. Hafui kila nguo. Yeye ni dobi wa kanzu. Wanaume wa mitaa hii humletea kanzu zao Jumatano, wakazichukua Alhamisi jioni zikiwa nyeupe, zimetiwa kanji ili zikae wima, na zimenyooshwa kwa pasi ya makaa. Kanzu moja humpa shilingi mia na hamsini. Kwa kazi hiyo amelea watoto watatu bila baba yao, aliyefariki wakiwa wadogo.

Maji ya kisima hiki hayafai tena kusuuzia kanzu. Povu la sabuni halipandi, na nguo ikikauka hushupaa kama turubai. Anayeyaonja hujiuliza kwa nini mama huyu anajitesa kuyateka kila siku. Wengi wamemuuliza.

"Siku nikiacha kuteka," anajibu, "ua huu umekwenda."

Nyumba yenye ua huo ni ya Mzamil Badawi, karani wa mizigo huko Mbaraki, aliyeirithi pamoja na ndugu zake. Lakini kisima si chao. Bibi yao mzaa baba, kabla ya kufariki, alikitoa wakfu: yeyote mwenye ndoo aingie kwa mlango wa kichochoroni na ateke, awe jirani au mpita njia. Nyumba inaweza kuuzwa. Kisima, na njia ya kukifikia, haviuzwi.

Miaka miwili iliyopita lilisimama ghorofa refu upande wa mashariki, nyuma kabisa ya ukuta wa ua. Ni la vyumba vya wageni wanaokuja kulala siku chache na kuondoka. Jua lililokuwa likiingia uani mapema sasa halionekani mpaka asubuhi iwe imekwenda sana, na kanzu zilizokuwa zikikauka kabla ya adhuhuri hukaa kambani hadi alasiri.

Kisha maji yakabadilika. Katana Nyiro, fundi wa pampu aliyefanya kazi katika majengo mengi ya kisiwani, anaeleza.

"Maji matamu yetu yamekaa juu ya maji ya chumvi, kama mafuta juu ya mchuzi," anasema. "Ukichimba kisima kirefu cha ghorofa na kuvuta mengi usiku na mchana, ya chini yanapanda. Na bahari yenyewe siku hizi haijui mpaka wake. Wakati wa bamvua, bahari ikijaa kupita kiasi, naona maji mahali ambapo baba yangu hakuwahi kuyaona."

Mejumaa aliyajua mabadiliko hayo kwa aibu. Alikuwa amepewa kanzu ya harusi ya kijana wa jirani, Fuad, yenye darizi ya hariri shingoni. Wiki ile alikuwa na mafua. Aliyaonja maji kama kawaida, lakini ulimi haukumwambia kitu. Alipoipitisha pasi ya moto kifuani mwa kanzu, chumvi ilitokea na kuacha alama ya manjano, pana kama kiganja.

"Nilikaa chini nikamwomba Mungu anisitiri," anasema. "Halafu nikainuka, maana nikah ilikuwa alasiri ile ile."

Alinunua maji ya mkokoteni, akaifua upya na kuisuuza mara kadhaa. Alama ilitoka, ila hapakuwa na jua la kuikausha. Bwana harusi aliingia msikitini na kanzu mbichi, akaketi mbele ya kadhi akitetemeka.

"Watu walidhani naogopa kuoa," anasema Fuad, akicheka hadi leo.

Tangu siku hiyo Mejumaa husuuzia maji ya kununua. Mtungi wa lita ishirini ni shilingi thelathini, na mifereji ya mji inapokauka hufika hamsini. Kuna wiki ambazo anayepata faida ni mwenye mkokoteni.

Hapo ndipo Arnold alipoingia. Arnold ni dalali, kijana mpole mwenye shati lililonyooka, anayewakilisha watu wanaotaka kuinunua nyumba ya Mzamil. Wanautaka ua hasa, wauchimbe bwawa la kuogelea la wageni. Asubuhi hii amekuja tena, anasimama mlangoni.

"Sabalkheri, Bi Mejumaa."

"Sabalkheri, mwanangu. Leo umekuja na futi ya kupimia au umekuja na ndoo?"

"Nimekuja kukujulia hali tu."

"Hali yangu njema, alhamdulillahi. Na ya kisima pia njema, uwaambie waliokutuma."

Arnold anachungulia ndani ya karai. "Haya maji, mama, hata mbuzi hayanywi. Wateja wangu wanauliza, wakfu wa maji yasiyotakiwa na mtu ni wakfu wa nini?"

"Mimi nayataka."

"Ya nini?"

"Ya mfuo wa kwanza. Jasho na vumbi havichagui maji." Anaikamua kanzu na kuitupia ndani ya beseni. "Sogea kidogo, utarowa viatu."

Swali la Arnold si la mzaha. Maalim Zakariya, anayesomesha chuo cha watoto mtaani hapa, anasema wakfu huheshimiwa kwa lile lililokusudiwa na mtoaji. Kitu kikishindwa kabisa kuwafaa watu, wenyewe wanaweza kwenda kwa kadhi kuomba kibadilishwe na kingine.

"Lakini maadamu watu wanateka na wananufaika," anasema Maalim, "hoja hiyo haina mashiko."

Mejumaa aliyasikia maneno hayo na kuyashika. Ndiyo sababu ya kuteka kila alfajiri. Ndiyo sababu pia, swala inapokwisha, mlango wa kichochoroni unafunguka na wanaume wanaanza kuingia mmoja mmoja, kila mtu na ndoo yake. Huyu anakwenda kuoshea baraza, yule ngazi, mwingine vyoo vya msikiti.

"Ametupangia zamu kama watoto wa chuo," analalamika Fuad, akiivuta kamba. "Jana nilichelewa, akanifuata hadi mlangoni."

"Na leo umewahi," Mejumaa anamwambia. "Usimwage, hayo ni ya ngazi za Bi Jannat."

Mzamil hamlaumu Arnold wala hamlaumu Mejumaa. Ameketi kwenye ngazi ya mlango wa nyumba yake, fulana begani, kabla ya kwenda kazini. Paa linavuja, anasema. Ndugu zake walio nje wanataka fungu lao. Yumna, binti yake, yuko kidato cha tatu.

"Nyumba hii inanila," anasema. "Siwezi kusema sitauza. Ila bibi yangu alikuwa akiketi pale akiwatazama watu wakiteka, akiwaombea dua. Sitaki kumdanganya akiwa kaburini."

Kwa hiyo amempa Mejumaa muda hadi Idi ya Mfungo Tatu, ile ya kuchinja. Ikiwa kufikia hapo kisima kitakuwa bado kinawafaa watu kikweli, wala si kutekwa kwa kuwaonyesha wanunuzi tu, atawaambia wachukue nyumba bila ua au watafute kwingine. Ikiwa dobi mwenyewe atashindwa na kuhama, yeye atakwenda kwa kadhi.

"Nilimwambia hiyo ni haki," anasema Mejumaa. "Sikumwomba anionee huruma. Nilimwomba anipe paa."

Paa alilopewa ndilo tegemeo lake. Katika pembe ya ua kuna birika la zamani, lililojengwa kwa mawe na chokaa kuhifadhi maji ya mvua. Mifereji ya mji ilipokuja, watu walilisahau, likajaa takataka. Mejumaa na majirani wanawake wamezizoa, wakalisugua kwa makumbi ya nazi. Katana ameziba nyufa kwa chokaa, hakutaka malipo ila chai na mahamri. Bomba jipya linashuka kutoka paani mwa Mzamil hadi mdomoni mwa birika.

Hesabu yake ni rahisi. Kisima kitoe maji ya mfuo wa kwanza, birika litoe maji ya kusuuzia. Hatanunua tena ya mkokoteni, kazi itamlipa, na kisima kitakuwa na mtu wa kukiteka maisha yake yote. Birika likijaa kwa masika haya, anaamini litamfikisha hadi mvua za vuli akiyatumia kwa uangalifu.

Kilichobaki ni mvua. Masika yamechelewa, na yakija siku hizi huja kwa fujo, yakajaza barabara na kupotea. Hilo ndilo analoliombea akiwa juu ya mswala kabla hajashika ndoo.

"Simwombi Mola mvua ya gharika," anasema. "Namwomba ya kujaza birika. Yeye anajua kupima."

Jua sasa limelipita ghorofa, linaangukia kamba. Mejumaa anaanika kanzu ya mwisho, anaivuta mikono yake ili isikunjamane. Upande wa bahari kuna wingu, si zito, na kila anayepita anainua macho.

Fuad amerudi, safari hii bila ndoo. Ameshika kanzu iliyokunjwa, ile ile yenye darizi ya hariri.

"Hii ni ya Idi," anasema. "Nimeileta mapema."

"Idi bado."

"Najua. Nataka isuuzwe kwa maji ya birika."

Mejumaa anaipokea, anaifungua kifuani na kuikagua kwenye mwanga, mahali palipokuwa na ile alama. Kisha anaikunja na kuiweka juu ya rafu, mbali na kisima.

"Itakaa hapa mpaka Mungu alete maji yake," anasema. "Na mara hii, mwanangu, utakwenda msikitini ukiwa mkavu."