Kadi Nne za Fundi Tufail

Jumanne, Julai tisa, saa nane na dakika kumi mchana, umeme unakatika Lahore. Hiyo si habari. Habari ni kwamba kadi nne za picha, vifaa vinavyoisaidia kompyuta ya hospitali ya kifua kusoma eksirei, zilizofungwa nje yake, zinazimika zote kwa mpigo, na picha sitini na moja za mapafu zinakwama katikati ya kusomwa.

Kompyuta yenyewe iko hai. Hapo ndipo kosa lilipo.

Tufail Dogar, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Hall Road aliyeufunga mtambo huo, alifanya kama wafanyavyo wenzake wote wa mtaa ule: betri ya akiba ni ya kompyuta na feni, vingine vitegemee umeme wa serikali.

"Umeme wa serikali!" anajicheka. "Mtu mzima na ndevu zangu, nikauamini!"

Wakubwa wa hospitali walipata sababu ya kumtimua. Awali walinunua kasha la kadi la kampuni moja, lisilopokea kadi ya kampuni nyingine. Joto la Juni likaliua. Aliyelinunua hakuulizwa, wakubwa hawakosei, hukosea mafundi. Mtambo wa Tufail, kwa kebo zake zilizotapakaa, wakauita buibui, wakamwambia aondoke nao.

"Buibui wangu hana ubaguzi," asema. Kadi zake ni za mitumba, za watengenezaji watatu. Zinaelewana kwa kuwa kebo na soketi zake zinafuata kanuni zilizo wazi, ambazo yeyote anaweza kuzifuata bila kumpigia mtu magoti.

Leo, miezi kadhaa baadaye, Daktari Rukhsana Gill wa hospitali hiyo, anayesoma picha mia na arobaini kila siku kwa macho yake mawili, amezileta dukani picha zile sitini na moja, mtambo ujaribiwe nazo.

"Fundi, ukiniaibisha tena nakulaza wodini."

"Chakula cha wodi yenu? Bora nifaulu!"

Safari hii kadi na kompyuta vyote viko kwenye betri moja. Anawasha kadi kwanza, kisha kompyuta.

"Sasa chomoa umeme, dada daktari. Wewe mwenyewe."

Anachomoa. Feni ya duka inasimama. Taa nne zinabaki zikiwaka, na baada ya dakika kumi na moja picha zote zimesomwa.

"Mashallah," daktari anasema. "Buibui kafufuka."

Tufail amepanga kuurudisha mtambo Jumatatu. Lakini barua ya ruhusa iko mezani kwa mkurugenzi wa hospitali tangu Agosti, haijatiwa sahihi. Wagonjwa wanangoja majibu siku tisa, wakikohoa nyumbani kando ya watoto wao.

"Swali langu nimelijibu," asema Tufail, akiipangusa vumbi kadi ya nne. "Nao wakubwa wanijibu: hiyo kalamu ya kutia sahihi ina uzito gani?"