Sahani Yangu Kando ya Sinia

Ilianza Jumatano, saa nne na dakika kumi asubuhi, kipindi cha hesabu. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa naitazama saa ya ukutani nikiomba mwalimu asiniite ubaoni. Nilikuwa mzima kabisa, mara baridi ikanipanda mgongoni, viungo vikaanza kuuma kama niliyepigwa.

Kwenye zahanati moja kule Nakawa, muuguzi aliniuliza, "Ilianza lini, mwanangu?" Nikamtajia saa. Akacheka. "Basi hii ni influenza. Senyiga, mafua haya ya kawaida, huja polepole, inaanza na pua. Hii imekuangusha ghafla." Akanipa panado, akaniambia nilale, ninywe maji. Kisha akauliza kama nyumbani kuna mzee.

Yupo bibi. Ana pumu, na kwenye sinia anakaa ubavuni kwangu. Kwetu, tangu enzi za wazee waliokuja na biashara kutoka pwani, chakula cha jioni ni sinia moja, mikono yote humo humo. Anayejitenga ana kinyongo. Na mimi ni mtu wa kunyamaza. Hata chumvi ikipungua sisemi.

Jioni ile nilichukua sahani, nikakaa mlangoni, mtandio mdomoni.

"Haya, tazameni!" mjomba akasema. "Mwenzetu keshakuwa mzungu, ana sahani yake."

"Njoo hapa," bibi akasema, akisogea kunipa nafasi. "Senyiga niliugua mwaka jana. Mwili wangu unaijua."

Nilibaki palepale mlangoni na sahani yangu. "Bibi, mwili wako unaijua ile ya mwaka jana, kwa vazi lake, lile ganda la nje. Kirusi hiki kikijinakili hukoseakosea, na makosa yakizidi, vazi linakuwa jingine. Kikirudi, mwili unadhani ni mgeni." Sijui nini kilinifungua mdomo, nikaendelea na ya mwalimu wa baiolojia: kirusi cha bata na cha binadamu vikikutana ndani ya nguruwe mmoja, huchanganya vipande vyao, na hutoka kipya ambacho hakuna mwili unaokijua.

"Unataja nguruwe, na sisi tunakula!" mjomba akalalamika.

Bibi hakucheka. "Kwa hiyo unanikimbia mimi?"

"Nakuogopea kifua, bibi."

 Akamega samaki, pale tumboni ninapopapenda, akampa mama. "Mwekee daktari wangu kwenye sahani yake. Nyie kuleni, chakula kinapoa."

Asubuhi homa ilikuwa bado. Siku zote naanza kwa kumbusu bibi mkono. Safari hii sikuingia. Nilisimama uani, mbele ya dirisha lake, nikaita kwa sauti ambayo majirani hawajawahi kuisikia kwangu: "Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu."

Hakukohoa. Asubuhi moja haitoshi kujua kama nimemwambukiza, hilo nalijua. Nikasimama pale kidogo nikisikiliza anavyopumua, halafu nikarudi kulala.