Kikombe Kimoja kwa Siku

Daktari alimruhusu baba yangu kikombe kimoja cha kahawa kwa siku, kidogo, basi. Mapigo ya moyo wake yalikuwa hayaendi sawa. Baba alimsikiliza kwa adabu zote, akamshukuru, na tulipofika nje akaniuliza kama yule daktari ni mtu wa Mombasa kweli. Hapa kwetu Mji wa Kale, mzee wa makamo yake hunywa vikombe sita saba barazani kati ya alasiri na magharibi, na hakuna anayemwuliza.

Mimi ndiye niliyebaki naye nyumbani, na ndugu zangu wote wakanipa amri moja kwa simu: mchunge. Niliogopa, sitaficha. Mama tulishamzika, na sikuwa tayari kuwa yatima kwa sababu ya dele la kahawa. Baba aliniahidi kwamba barazani atakwenda kwa mazungumzo tu. Sikumwamini sana. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi.

Nikawaza, kama ni kimoja, basi kiwe cha haja. Nikanunua kisagio cha mkono, cha chuma, chembamba kama kopo la poda, chenye mpini wa kuzungusha juu. Nikanunua na kimashine cha espreso kisichotaka umeme, unachokikandamiza kwa mikono miwili.

Wiki ya kwanza niliharibu buni tu. Nikisaga chenga, maji yanapita mbio na kahawa inatoka kama maji ya kuoshea sufuria. Nikisaga laini mno, naikandamiza mashine mpaka mishipa ya shingo inanitoka, na halidondoki hata tone. Baba anatazama, mikono mapajani.

"Na tangawizi je?" akauliza siku moja.

Nami kwa kutaka kumridhisha nikatia kipande cha tangawizi kavu humo humo, pamoja na buni. Nyuzi zikajisokota kwenye meno ya kisagio, mpini ukakataa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Na mimi ni mwalimu wa sayansi! Baba ndiye aliyekifungua, akakisafisha kwa mswaki wa zamani, na tangu siku ile hakunirudishia. Kazi ya kusaga akaichukua yeye, na tangawizi tukawa tunaiponda kando.

Ikawa ndiyo saa yetu. Narudi kutoka shuleni kule Tononoka jioni, navua buibui, namkuta ametoka barazani na kukaa dirishani, kisagio amekibana kati ya magoti. Akiniona ndipo anaanza kuzungusha. Mwanzo buni inakwaruza na mkono unafanya kazi kweli, kisha sauti inalainika, na mpini unakuwa mwepesi ghafla. Hapo anajua imekwisha. Harufu inashuka ngazi mpaka kwa jirani wa chini, ambaye hupiga kelele kuuliza kama tunamtesa makusudi. Mimi nakandamiza, baba anashika vikombe, chake kimoja na changu kimoja. Nilikuwa na furaha, na nilijua kwamba nina furaha, jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

Siku moja mkutano wa walimu uliahirishwa, nikarudi mapema. Tuktuk ikanishusha mwanzo wa kichochoro chetu, alasiri imetoka kuswaliwa, na kwa mbali nikamwona baba barazani na wenziwe, kikombe mkononi, anacheka.

Damu ikanichemka. Hasira hasara, lakini nani huikumbuka methali wakati kama ule? Sikutoa hata salamu. Nikasimama mbele ya wazee watano, mimi niliyelelewa nikaleleka, nikasema kwa sauti:

"Baba, hicho cha ngapi?"

Muuza kahawa akaliweka dele lake chini. Baba akakitazama kikombe, akampa mzee aliyekaa kushoto kwake. Yule mzee akakipokea kwa mazoea, akanywa.

"Chake hunipa mimi, mwanangu," akaniambia. "Kila siku. Asema si adabu kukaa na watu mkono mtupu, basi hukishika tu, kisha hunipa. Twamcheka, twamwambia nwa hata kimoja, hataki. Asema chake ki nyumbani."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikawaamkia wote, mmoja mmoja, kama nilivyopaswa tangu mwanzo, kisha nikapanda ngazi mbio.

Baba alikuja baadaye kidogo. Sikuweza kumtazama usoni.

"Niwie radhi, baba."

Aliketi dirishani, akapima buni kwa kiganja, akaimimina ndani ya kisagio, akaanza kuzungusha. Niliisikiliza ile sauti ikikwaruza, nikingoja nikaripiwe kama mtoto, na ningekubali.

"N'na ruhusa ya kimoja," akasema mwishowe, bila kusimamisha mkono. "Ningekinwa kule na wao, wewe ukirudi ungenwa peke yako."

Nikaenda jikoni kuteleka maji, na huko nikalia kwa raha zangu mpaka yakachemka.