Kwamboka Aliyeliliwa Akiwa Hai

Juzi, katika ofisi ya usajili mjini Kisii, karani alichungulia dirishani akaita, "Kwamboka!" Tukasimama watatu: mama mmoja mwenye kitambaa cha kijani kichwani, msichana wa chuo, na mimi. Tukatazamana, tukacheka. Yule mama akasema, "Si aseme ni Kwamboka wa nani?" Alikuwa ameitwa yeye. Nikarudi kwenye benchi na fomu yangu ya cheti cha kuzaliwa cha binti yangu, ambacho sikuwahi kumchukulia, na kicheko kikaniisha polepole, maana swali hilo ndilo nililolelewa nalo.

Kwetu, kwenye kilima kilicho nyuma ya soko la Keumbu, ukiita jina hilo peke yake hujaita mtu. Kwamboka ni aliyevuka. Jina hilo walipewa kwanza wasichana waliozaliwa mama zao wakivuka mto, kisha likawa linapita kutoka kwa marehemu hadi kwa mtoto mchanga. Utotoni mwangu Kwamboka waliosifika walikuwa watatu.

Wa kwanza alikuwa mwalimu, mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa shule yetu. Mwandiko wake ubaoni ulinyooka hata tukaogopa kuufuta. Aliniita "wajina", na nikikosea hesabu alinichapa mara mbili: moja ya kukosea, moja ya kulitia jina aibu. Wa pili alikuwa mkunga, aliyepokea nusu ya watoto wa kilima kile. Huyo sikumwona, na utajua kwa nini.

Wa tatu alikuwa nyanya yangu, mama yake baba, Kwamboka wa ndizi. Alivundika ndizi kwenye shimo lililotandikwa majani makavu ya mgomba, akalifunika kwa udongo, kisha akawa anapita kuinama na kunusa. Siku ya kulifukua, harufu ilitufikia sisi watoto tukiwa kisimani, tukapanda mbio na maji yakitumwagikia mgongoni. Wasafiri walishuka Keumbu wakiulizia ndizi za Kwamboka, na kila muuzaji pale sokoni alijibu, "Ni mimi."

Sasa nikueleze nilivyolipata jina lenyewe. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu aliyekwisha kuondoka. La aliye hai haliguswi. Ni kama kumharakisha. Jumamosi niliyozaliwa, Wasabato wakiwa wametoka kanisani, alifika mjumbe kutoka upande wa Nyamira. Hakuwa na maneno mengi: "Kwamboka wenu amelala." Nyanya alikuwa huko Nyamira, wiki ya pili sasa, akimsaidia kaka yake kuchuma majani chai. Baba hakuuliza ni Kwamboka yupi. Alilia, akaja jikoni nilikozaliwa asubuhi hiyo, akanitamkia jina la mama yake. Wanasema nilikuwa nikilia, nikanyamaza papo hapo.

Jumapili asubuhi Nyanya akapanda kilima, kikapu kichwani. Aliona umati nyumbani kwake, akasikia maombolezo, na kama ilivyo desturi yetu akatua kikapu akaanza kulia kwa nguvu kabla ya kuuliza, kwa sauti ileile iliyojulikana soko zima. Wanawake waligeuka, wakatimua mbio. Mmoja aliingia migombani akaonekana jioni. Nyanya akabaki peke yake uani na jirani mmoja mzee, ambaye miguu yake haikumruhusu kukimbia.

"Kwani ni nani ametuacha?" akamuuliza.

"Ni wewe," mzee akajibu.

Aliyekufa alikuwa yule mkunga, aliyekwenda kuugulia kwa dada yake upande uleule. Wazee wakakaa. Jina likishatamkwa na mtoto akanyamaza, haliondolewi. Basi wakaamua kwamba mimi ni yule mkunga aliyerudi. Nikakua nikiambiwa nina mikono yake. Kila ng'ombe alipozaa niliitwa, nami damu naiogopa mpaka leo.

Nyanya hakuukubali uamuzi huo hata siku moja. "Wewe ni wangu," aliniambia tukimenya ndizi za kupika, utomvu ukitunata vidoleni. "Umeninyang'anya jina kabla sijamaliza kulitumia." Tulicheka sana. Mara moja tu hakucheka. Nilikuwa naondoka kwenda sekondari, sare mpya mwilini, akanishika mkono.

"Nikienda, watasema Kwamboka tayari yuko, hakuna haja ya mwingine. Usiwaache. Mtu asipoitwa, huyo ndiye amekufa. Nirudishe kwa mtoto wako."

"Ndiyo, magokoro," nikasema. Ndivyo tunavyowaita nyanya zetu.

Alifariki nikiwa na mimba. Nikapata msichana, na ikawa vilevile alivyosema. Shangazi wa mume wangu waliniuliza, "Unampa mtoto jina lako na wewe bado uko? Unajiitia nini?" Nilieleza, sikueleweka. Nilikuwa nimechoka, nikamwita mtoto jina zuri nililokuwa nikilisikia redioni. Niliona haya siku hiyo, na miaka kumi na mmoja baadaye bado naiona.

Mwezi uliopita binti yangu alileta kazi ya shule: tafuta watu mashuhuri wenye jina kama lako. Tukatafuta kwenye simu. Tukapata mwigizaji, mcheza tenisi, na dhoruba iliyong'oa mapaa ya watu ng'ambo. Akawaandika wote, dhoruba pia, kisha akauliza, "Mama, kati ya hawa kuna mwenye anajua mimi niko?" Nikamsimulia habari za Kwamboka watatu, naye akacheka ile ya Nyanya hadi akashika mbavu.

Lile shimo la ndizi sasa limejengewa nyumba za kupangisha. Mwalimu tulimzika. Msiba hufika kwa simu, na picha ya marehemu juu, kwa hiyo hakuna tena atakayeliliwa kimakosa. Labda ni heri. Lakini Nyanya alijivuna maisha yake yote kwamba kilimani kote ni yeye tu aliyewahi kujua nani alimlilia kweli na nani alifuata chakula.

Karani akaita tena, safari hii jina langu kamili. Akapitisha kalamu juu ya fomu, ikasimama.

"Mama, hapa umekosea. Kwa jina la mtoto umeongeza lako."

"Sijakosea."

"Si wewe ndiye Kwamboka?" Akanitazama juu ya miwani. "Sasa huyu mwingine ni Kwamboka wa nani?"

"Wa ndizi," nikasema, na machozi yakanitoka palepale dirishani.