Masanduku ya Peris Jangwani

Peris ni nesi katika makao ya wazee kule Eden Prairie, jimbo la Minnesota, Marekani, na kwa miaka kumi na moja kila likizo yake ilikuwa ya watu wengine. Akienda kwao Kisii, orodha ilimtangulia: viatu vya mjomba, simu ya binamu, vidonge vya magoti ya mama. Mwaka 2016 akanitangazia, mimi jirani yake wa mji wa Savage, kwamba anaenda Mauritania, nchi pana ya mchanga isiyo na wageni wengi.

Nikamuuliza ana nani huko.

"Sina mtu, ndiyo maana," akasema. "Gilbert, hii leave ni yangu. Nataka siku kumi bila mtu kuniomba kitu."

Siku ya safari nilimpeleka uwanja wa ndege, na hapo nilicheka mpaka nikakosa pumzi. Alikuwa na masanduku mawili, kila moja kilo ishirini na tatu kamili, yamejaa sweta, losheni na raba. Za nani? Hakujua. Mkenya wa Marekani hatui Afrika mikono mitupu, hata akienda kwa watu asiowajua. Mazoea yana taabu.

Huko mjini Atar dereva wake, mzee mpole aitwaye Sidi, aliyatazama masanduku, kisha madumu ya maji, kisha gari. Kwa Kiingereza cha kuungaunga akamwambia achague: mizigo au maji, la sivyo hakuna safari. Peris alikalia sanduku akalia. Aliona aibu kuyaacha, na aliona uchungu kurudi bila kuliona jangwa. Mwishowe akayafungua palepale uani mwa nyumba ya wageni, akawagawia akina mama waliokuwa wakifua. Anasema mpaka leo kuna bibi kule anayeteka maji amevaa sweta ya zambarau ya timu ya Minnesota. Mimi namwamini nusu.

Wakaingia mchangani. Siku ya kwanza hakuna aliyemwomba kitu, akalala mchana kutwa. Siku ya pili akaanza kumsumbua Sidi, mkewe anavaa kiatu namba ngapi. Siku ya tatu akapanda tuta refu, simu juu, mpaka mtandao ukashika. Akampigia mama yake, akamuuliza safari hii amletee nini.

"Sihitaji kitu," mama akamjibu. "Umekula?"

Wakaongea mpaka chaji ikaisha, na hakuna aliyetaja kiatu.